Mawaziri watangaze wanakutana na nani?

Mwenye mada:
Assalaam alaykum. Naomba rai za Unguja na Pemba: iwekwe sheria ya kumtaka kila waziri na katibu mkuu atangaze kakutana na kundi gani, lini na kwa jambo gani? Mie nasema iwekwe, tena mapema.

Mwani unalimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu 1989, kabla mahoteli mengi hayajasimama pale. Wakulima wengi ni akina mama. Leo pwani hiyohiyo inagombewa: hoteli inataka maji yawe wazi kwa wageni, mama anataka pa kupigia vigingi na kufunga kamba zake za mwani. Wenye hoteli wana jumuiya, wana wanasheria. Sina ugomvi na hilo, kujieleza kwa serikali ni haki ya kila mtu. Linaloniuma ni kuwa mswada ukifika Baraza la Wawakilishi, mengi yameshakubaliwa, na sie hatujui yamekubaliwa na nani.

Kutoka Wete:
Usiwatazame wenye hoteli peke yao. Sie wa karafuu mnunuzi wetu kisheria ni mmoja, ZSTC, shirika la serikali. Anayepanga bei na anayenunua wamo nyumba moja. Hilo daftari lako la mikutano litaandika nini hapo? Tunachokosa ni jumuiya ya wakulima yenye sauti.

Kutoka Mjini:
Na madaftari yana mianya. Sheria ya Uingereza ya 2014 inamwandikisha mshawishi wa kukodiwa, yaani anayelipwa kuwasemea wengine serikalini. Aliyeajiriwa na kampuni yenyewe haimgusi. Hapa kwetu mambo yanamalizwa harusini na kwenye kahawa. Nani ataandika?

Mwenye mada:
Wa Mjini, ndiyo maana nataka mzigo awe nao waziri. Marekani tangu 1995 imemtaka mshawishi anayelipwa ajiandikishe na amtaje anayemlipa, na fedha bado zinasema kwa nguvu kule. Lakini angalau mwandishi wa habari ana pa kuanzia kuuliza. Sie hatuna.

Wa Wete, hoja yako nzito na naikubali: daftari bila jumuiya litatuonesha tu namna tulivyoachwa nje. Basi yaende pamoja. Na kamati ikitaka maoni juu ya pwani ije Paje, ila isije saa za maji kupwa siku za bamvua, maana saa hizo wakulima wote wamo baharini.