Vumbi la polishi: manyoya, sponji, mashine ya DA au chupa ya maji?

Mtabata
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaendesha gereji ndogo ya rangi na polishi Tabata, Dar es Salaam, chini ya paa la bati ambalo upande mmoja halina ukuta, na kwa miezi kadhaa sasa vumbi jeupe la polishi limekuwa likinila muda kuliko kazi yenyewe. Wiki iliyopita nilimaliza kupiga polishi Toyota Crown nyeusi saa kumi jioni, lakini mwenyewe aliichukua saa mbili usiku, kwa sababu muda wote huo nilikuwa nimeinama na mswaki nikitoa unga kwenye raba za madirisha, chini ya waipa na kwenye kingo za nembo. Jirani yangu anayepuliza rangi ameshanijia mara mbili akilalamika kwamba vumbi langu linatua kwenye klia yake mbichi (lile tabaka angavu linalopulizwa juu ya rangi).

Ninatumia rotari (mashine ya polishi inayozunguka tu bila kuyumba) yenye pedi ya manyoya ya inchi 7 na kompaundi kali ya kawaida, yaani ile dawa ya kusagia mikwaruzo. Nimeshauriwa mambo manne: kuhamia sponji, kununua mashine ya DA (ile inayozunguka huku ikiyumba), kununua kompaundi ya bei kubwa inayosifiwa kwa kutotoa vumbi, au kupulizia maji tu. Fedha yangu inatosha jambo moja kwa sasa. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliovitumia vitu hivi kwa mikono yao.

Klia_Dodoma
Ndugu Mtabata, kabla hujatoa shilingi, tueleze unaweka kompaundi kiasi gani na unasafisha pedi mara ngapi. Nauliza kwa sababu vumbi hilo lina vitu vitatu ndani yake: chembe za kusagia, ambazo katika kompaundi nyingi ni oksidi ya alumini, mafuta na maji yaliyokuwa yakizibeba chembe hizo, ambayo yamekwisha kukauka, na klia yenyewe uliyoikwangua. Kitu cha tatu huwezi kukikwepa, kwa kuwa ndiyo kazi uliyolipwa, lakini ni kidogo mno, kwani klia ya kiwandani kwa kawaida haizidi sana mikroni 50 na wewe unaondoa sehemu ndogo tu ya hizo. Kinachojaza raba za madirisha ni kompaundi iliyozidi, ikakauka ndani ya manyoya, kisha ikarushwa na mzunguko.

Huku kwetu Dodoma, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, hewa ni kavu kiasi kwamba kompaundi inaweza kugeuka unga kabla hujamaliza kipande cha kwanza. Nilichojifunza ni kufanya kazi kwenye kipande kisichozidi nusu mita kwa nusu mita, kwa matone manne ya ukubwa wa punje ya kunde, na kuanza kwa mwendo mdogo wa mizunguko kama 600 kwa dakika ili kuitandaza kabla ya kupandisha hadi 1,200 au 1,500. Boneti ipimwe kwa mgongo wa mkono kwanza. Ikiwa inauchoma mkono, subiri ipoe, hata kama mteja amekaa anakutazama.

Bi_Kisauni
Mimi nimetumia vyote vinne, kwa hiyo nitasema bila kupendelea. Kwa vumbi peke yake, mashine ya DA yenye sponji ndiyo inayotoa kidogo kuliko zote, kwa sababu mbili. Sponji haina nyuzi ndefu za kuhifadhi kompaundi iliyokauka, na mwendo wa kuyumba haurushi vitu pembeni kwa nguvu kama rotari inavyofanya. Lakini usidanganyike kwamba utapata kasi ile ile. Mkwaruzo ambao manyoya kwenye rotari yanauondoa kwa kupita mara moja, sponji kwenye DA yenye myumbo wa milimita 15 inaweza kukudai mara tatu, na kwenye rangi ngumu utatoka jasho kabla hujaona tofauti.

Katikati yao kuna pedi za maikrofaiba zinazofungwa kwenye DA. Hizo zinakata vizuri kuliko sponji, lakini zinajaa haraka sana, na ukizisahau zinatoa vumbi karibu sawa na manyoya. Ninazipuliza kwa kompresa kila baada ya kipande kimoja, nje ya kibanda.

Kwa unyevu wa hapa Mombasa nina tatizo lililo kinyume na la ndugu wa Dodoma: kompaundi haikauki upesi, vumbi ni dogo, lakini masalia yanang'ang'ania rangi na kugoma kufutika. Kwa hiyo mtu akikwambia kompaundi fulani haitoi vumbi, muulize kwanza anafanyia kazi wapi.

Mzee_Gerezani
Nimeanza kazi hii wakati DA hazijajulikana hapa mjini. Tulitumia manyoya na ile kompaundi ya Farécla G3, ambayo ilitengenezwa itumike na maji: unalowesha pedi, unapulizia maji kidogo kwenye mlango, unaendelea kulainisha hadi mwisho. Vumbi lilikuwa dogo, tope ndilo lililokuwa jingi, na tope linasafishika kwa ndoo moja ya maji na sabuni kabla halijakauka. Mwanangu Mtabata, usitupe manyoya yako. Nunua chupa ya kupulizia, ile ya vinyozi.

Klia_Dodoma
Mzee wangu, shikamoo. Naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Kompaundi uliyoitaja imetengenezwa kwa maji, hivyo ushauri wako ni sahihi kwake, lakini nyingine nyingi za siku hizi hazitaki zaidi ya mpulizo mmoja mwembamba kwenye pedi. Ukizidisha, pedi inateleza juu ya maji badala ya kusaga, na kwa zile ambazo chembe zake zinapaswa kusagika na kuwa laini kadiri unavyopita, zinabaki kali hadi mwisho na kukuachia ukungu kwenye rangi nyeusi. Zaidi ya hayo, mashine ni ya umeme wa nyumbani, na katika gereji zetu kiungio cha waya mara nyingi kimelala sakafuni kwenye maji hayo hayo.

Mzee_Gerezani
Marahaba. La umeme nakubali. La ukungu pia nimeliona, ila vijana wengi hawasomi maandishi ya kopo, wanapulizia kama wanamwagilia mchicha.

Juakali_Nairobi
Niongeze mawili kwa ufupi. Kwanza, usiwashe feni karibu na gari ukidhani itaondoa vumbi. Itaikausha kompaundi upesi zaidi na kulipeleka vumbi kwa jirani yako, ambaye tayari amekasirika. Pili, kuhusu kompaundi za bei kubwa: baadhi yake hupunguza vumbi kwa kuongezewa mafuta, na mafuta hayo huziba mikwaruzo kwa muda. Gari linatoka likiwa kama kioo, linaoshwa mara mbili, na mikwaruzo ya duara inarudi kama utando wa buibui. Futa kipande kimoja kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha kimulike kwa tochi kabla ya kujisifu.

Bi_Kisauni
Hapo umenena. Mimi nakagua na pedi pia. Gari lenye klia hutoa masalia meupe hata likiwa jeusi. Ukiona pedi imeanza kuchukua rangi ya gari, ama gari hilo halina klia, ama umeshaimaliza mahali hapo. Simamisha mashine papo hapo.

Mtabata
Nashukuru nyote. Nimejibu swali la Klia_Dodoma kwa aibu: nilikuwa nikichora mstari mrefu wa kompaundi juu ya boneti, na pedi nilikuwa nikiisafisha baada ya gari zima, kwa bisibisi. Jumamosi nimepata Harrier nyeusi nikaigawa boneti kwa tepu ya karatasi sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza niliifanya kwa mazoea yangu. Unga ulijaa kwenye kioo cha mbele hadi niliweza kuandika jina kwa kidole. Sehemu ya pili nilitumia manyoya yale yale na kompaundi ile ile, lakini nikaweka matone manne, nikapulizia pedi mara moja, na baada ya kila kipande nikasimamisha mashine, nikaichana pedi kwa brashi ngumu ya kufulia na kuipuliza kwa kompresa nje. Vumbi lilikuwepo, lakini jepesi, na kitambaa kimoja kilichoroweshwa kililimaliza. Sehemu ya tatu nilitumia DA ya kuazima na sponji, kompaundi ikiwa ile ile: kioo kilibaki karibu safi, ila nililazimika kurudia mara tatu na bado mkwaruzo mmoja wa ukucha wa paka ulibaki.

Kwa hiyo sinunui mashine mwezi huu. Nimenunua pedi mbili zaidi za manyoya ili nyingine ikauke wakati moja inafanya kazi, brashi, tepu pana ya raba za madirisha, na barakoa za FFP2, kwa kuwa nilipopenga pua jioni ile nilijionea mwenyewe. Fedha ya DA nitaiweka pembeni kwa ajili ya hatua ya mwisho ya kulainisha, ambako kasi si tatizo.

Klia_Dodoma
Bisibisi inakata nyuzi za manyoya, na nyuzi hizo nazo ulikuwa ukizihesabu kama vumbi. Pedi zioshwe kwa sabuni ya maji jioni, zizungushwe kwenye mashine ndani ya ndoo tupu ili zikamuke, kisha zilazwe upande wa manyoya juu.

Juakali_Nairobi
Na jirani je?

Mtabata
Nilimwita aje aone, naye akaja na taulo alilofutia mlango aliokuwa amepuliza asubuhi ile. Vumbi lililokuwamo lilikuwa la kijivu. Polishi yangu ni nyeupe. Lile lilikuwa la puti aliyokuwa anapiga msasa kijana wake mwenyewe, hatua tatu kutoka pale.