Tupeane uzoefu: kamera za mkanda (filamu) zinazojilenga zenyewe, zinasumbua wapi?

Wakuu, nipo Kigoma, Mwanga. Kuna jamaa anauza kamera ya mkanda ya mwishoni mwa miaka ya 80, Canon EOS, ile inayojilenga yenyewe. Sifa zake nimeshazisikia kwa muuzaji, sasa nataka za upande wa pili.

Mtu wa Ujiji: Anza na betri. Nyingi zinakula betri maalumu inayoitwa 2CR5, ya volti 6. Mimi kila duka nililoingia mjini nilikuwa naletewa betri za saa! Ikabidi iagizwe Dar, ije na basi. Na bila betri hiyo hata shata, ile milango ya ndani inayofunguka kuingiza mwanga, haifyatuki. Ile ya mzee wangu, ya kuzungusha kwa mkono, betri ni ya kipimo cha mwanga tu. Ikiisha, unakadiria mwanga unaendelea na kazi.

Dagaa Mkavu: Mimi napiga picha za harusi. Za zamani hizo nyingi zina alama moja tu ya kulenga, katikati ya dirisha la kuchungulia. Bwana na bibi harusi wamesimama bega kwa bega, alama inapita kwenye uwazi kati yao, inashika pazia la nyuma. Ukichungulia si rahisi kugundua, unakuja kujua mkanda ukishasafishwa: pazia limetoka maua yote yanahesabika, wenye harusi ukungu. Na ukumbi ukiwa na mwanga hafifu ndiyo basi, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma, ziii, ziii, keki inakatwa.

Mnyamwezi wa Tabora: Fungua mgongo, angalia mapazia ya shata kwa tochi. Kuna kisponji humo ndani, kikizeeka kinayeyuka kuwa kitu cheusi kinachonata. Yangu ilikuwa inatoa picha nusu nyeusi. Fundi aliisafisha kwa spiriti, ikatulia, kisha ikarudia. Bodi ya umeme ya ndani ikifa ndiyo kabisa, spea unang'oa kwenye kamera nyingine iliyokufa.

Mleta mada: Nimempigia muuzaji aiwashe nisikie. Anasema haina betri, ila "ni nzima".

Mtu wa Ujiji: Hahaha. Mpe bei ya mbovu. Mulika lenzi, kama haina ukungu chukua kwa ajili ya hiyo lenzi. Lenzi za EF, yaani za kamera hizi za EOS, za tangu 1987, zinaingia kwenye EOS za dijitali zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR).