Kangomba ya taarifa zetu: hiki kitufe cha "Kubali vyote" kinatukubalisha nini?

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, uzi huu naomba msiuunganishe na ule wa bando. Hii ni kero nyingine na nimeandika nikiwa na hasira.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini, upande wa Chikongola. Kompyuta tatu, fotokopi, na printa moja yenye roho mbaya. Kipindi hiki ni maombi ya vyuo, watu wanajaa. Juzi kaingia mzee katokea Nanyamba, vidole bado vina manjano ya salfa, vyeti vya mjukuu wake viko kwenye bahasha ya kaki. Tukafungua tovuti moja ya hapahapa nchini inayotangaza nafasi za vyuo (siitaji, sina hela ya wakili). Kabla hatujaona hata neno chuo, likajitokeza dude limefunika nusu ya skrini: "Tunathamini faragha yako." Kitufe cha kijani, kipana kama kiganja: Kubali vyote. Chini yake vijiherufi vya kijivu unavyoweza kudhani ni uchafu wa kioo: Dhibiti chaguo.

Mzee akabonyeza kijani. Mimi niko napanga karatasi kwenye printa. Akanigeukia: "Mjukuu, hapa nimekubali nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka sita nawabonyezea watu kitufe hicho!

"Mimi ghalani siweki dole gumba mpaka karani anisomee kilo. Wewe mbona hukunisomea?"

Ilinichoma. Usiku nikakaa nikasoma sera yao ya faragha yote, na ndipo hasira ilipoanza.

Kwanza lenyewe hilo neno vidakuzi (cookies), maana ndivyo kitufe kinavyokukubalisha. Waliotutafsiria sijui waliwaza nini, masikio yangu yanasikia udaku tu, na kwa kweli hawakukosea sana. Kidakuzi ni kafaili kadogo ambako tovuti inakaacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Alikibuni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994 na sababu yake ilikuwa njema, maana bila hicho tovuti inakusahau kila ukihama ukurasa. Hivyo wanavyoviita "vya lazima", vinavyokufanya ubaki ndani ya akaunti yako, sina ugomvi navyo.

Ugomvi wangu ni hivi "vya wahusika wengine". Hivi hata havitoki kwenye tovuti uliyoifungua. Kampuni ya matangazo imepachika kitu chake mle ndani, na kama imepachika kwenye tovuti mia, basi inakuona unavyopita kote mia: umesoma mpira, umetafuta dawa ya vidonda vya tumbo, umeulizia mkopo. Sera inawaita "washirika wetu". Nimeshusha ile orodha mpaka kidole kimechoka na bado niko herufi C. Washirika gani hao ambao hata mwenye tovuti nina uhakika hajawahi kula nao ugali?

Halafu kuna hii "maslahi halali". Hapa ndipo penye wizi wenyewe. Kwa sheria za Ulaya ni njia ya kutumia taarifa zako bila kukuomba ridhaa, ilimradi haki zako zisizidi uzito maslahi ya kampuni. Ukiingia kwenye Dhibiti chaguo unakuta swichi za ridhaa zimezimwa, unafurahi. Sogea pembeni: swichi za maslahi halali zote zimewashwa. Uzime mwenyewe, moja moja, huku bando linaisha.

Hukohuko Ulaya wanakoiga, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichotiwa tiki kabla hujagusa si ridhaa. Januari 2022 Ufaransa ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kisa kukubali ni mbofyo mmoja na kukataa ni safari. Sisi tumeletewa kibandiko, adabu yake ikaachwa hukohuko.

Na mjue wamenakili kweli. Sera inasema ukiwa na malalamiko uende kwa mamlaka ya nchi yako "ndani ya Umoja wa Ulaya". Mzee wa Nanyamba aende Ulaya! Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sera nzima haijaitaja hata kwa bahati mbaya.

Kinachoniuma zaidi kiko kwenye meza yangu. Kidakuzi kinakaa kwenye kivinjari, hakimjui mtu. Mzee akibonyeza kijani, "amemkubalia" na binti anayekaa kiti hichohicho baada yake, na mwalimu atakayekuja kesho, mpaka siku kitakapokwisha muda wake au nikifute. Ndiyo maana binti wa kidato cha sita anafungua ukurasa wa chuo anamwagiwa matangazo ya mikopo, kumbe aliyeuliza mikopo ni mteja wa asubuhi. Tangu juzi nafungulia kila mteja dirisha fiche (likifungwa, vidakuzi vyake vinafutika), akiondoka nalifunga.

Kusini tunaijua kangomba. Mtu anakufuata kununua korosho ikiwa bado ua, una shida, unakubali kipimo chake cha bakuli. Kitufe cha kijani ni bakuli lilelile. Mtu ana haraka ya fomu, nani atasoma kurasa 14?

Nimewaandikia wenye tovuti nikiuliza mkusanyaji wa taarifa za yule mzee (anayeamua zitumike vipi) ni nani na wachakataji (wanaozishughulikia kwa niaba yake) ni akina nani. Nimejibiwa na mashine: "Asante kwa kuwasiliana nasi."

Kuna aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii kwenye Tume akiwa mikoani? Alianzia wapi, aliambatanisha nini? Picha za skrini ninazo. Mzee anarudi Jumatatu kuchukua fomu, na ninavyomjua ataniuliza tena.