Mama wa mpelelezi katika filamu ya Sukeban Deka ni nani?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimeitazama filamu ya Kijapani ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Kenta Fukasaku, ambamo Aya Matsuura anaigiza binti mkorofi anayelazimishwa na polisi kupeleleza shuleni, silaha yake ikiwa yoyo ya chuma (kile kichezeo cha duara kinachopanda na kushuka kwenye uzi). Mbona kamera inamtazama mama yake kana kwamba tunamfahamu?

Jibu la 1: Umeona vyema. Huyo ni mwigizaji Yuki Saito, ambaye mwaka 1985 ndiye aliyekuwa Saki Asamiya wa kwanza, yaani msichana mpelelezi, katika tamthilia ya televisheni iliyotokana na katuni za Shinji Wada, kwa hiyo Wajapani wa rika lile walitambua mara moja kwamba binti anarithi kazi ya mama.

Jibu la 2: Naongezea kwamba katika tamthilia yoyo ile hufunguka ubavuni na kuonyesha nembo ya polisi yenye ua la mcheri, hivyo silaha ndiyo hiyo hiyo kitambulisho. Filamu yenyewe, kusema kweli, naiona imelegea katikati.

Muuliza swali: Nashukuru. Sasa naanza upya na tamthilia.