Ushauri: Nina milioni tatu, ninunue hisa za mafuta?

Mrina Asali:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Niko Tabora, nanunua asali Sikonge na kuileta mjini kwa pikipiki ya magurudumu matatu, hivyo kila EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo ya petroli, Jumatano ya kwanza ya mwezi, ndipo ninapojua faida yangu itakuwa kiasi gani. Nawaza kununua hisa za kampuni ya mafuta, ili petroli ikipanda, ninachopoteza barabarani kirudi kwa njia ya gawio. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita mkoani kwetu, na pale Sojo wilayani Nzega ndipo kilipojengwa kiwanda cha kuyavika mabomba yake tabaka la kutunza joto. Je, mtu wa kipato changu anaweza kulinunulia hisa? Kwa mtazamo wangu, siasa za dunia hazitaruhusu mafuta yashuke. Naomba mnikosoe.

Dalali Mstaafu:
Ndugu, nia ya kujikinga ni njema, ila mchimbaji na mwenye kituo hawapati faida kwa njia moja. Pipa likipanda, mchimbaji hunufaika moja kwa moja. Mwenye vituo hapa nchini hununua kwa bei hiyo hiyo iliyopanda, faida yake kwa lita imo ndani ya kanuni ya EWURA, na anahitaji mtaji mkubwa zaidi kujaza tangi lile lile. Hisa zake hazitakufidia.

Bomba halimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya serikali, UNOC ya Uganda na TPDC yetu, 15 kila moja, na CNOOC ya China 8. Isitoshe, yatakayopita humo ni mafuta ghafi ya kuuzwa nje, kwa hiyo petroli ya Tabora itaendelea kutoka bandarini ikiwa imekwisha kusafishwa.

Binti Unyanyembe:
Kaka, hapo kwenye siasa sikubaliani nawe. Aprili 2020, mikataba ya kununua mafuta ya Marekani ya kupokelewa baadaye iliuzwa chini ya sifuri kwa sababu maghala yalikuwa yanajaa. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei ya dunia, lilivuka dola 120, lakini Mei mwaka huo huo Uingereza ikatangaza kodi ya ziada ya asilimia 25 kwa faida za wachimbaji wake, na hapa kwetu serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa ajili ya Juni. Siasa hupandisha bei, kisha hurudi kudai sehemu yake kwa mwenye hisa. Nakusihi pia usimpe fedha mtu yeyote wa makundi ya simu anayeahidi faida ya mafuta kila wiki, kabla hujathibitisha leseni yake CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji.

Mwana Kaliua:
Kinga yako ni fedha taslimu. Weka milioni moja katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao fedha yake hutoka haraka, uichukue mafuta yanapopanda. Mbili zilizobaki nunulia hati fungani ya serikali, yaani uikopeshe serikali, nayo hulipa riba kila miezi sita.

Mrina Asali:
Nashukuru sana, nitafuata njia hiyo. Je, hati fungani ni lazima nisafiri hadi Dar es Salaam?

Dalali Mstaafu:
Hapana. Ulizia katika benki yako hapo Tabora, ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Wakishakufungulia akaunti ya kutunzia hati fungani, watakuombea nafasi katika mnada wa Benki Kuu.