MREJESHO: Mama aliyepungukiwa damu huku anakula vizuri

Wakuu, niliwauliza kwa nini mama anapungukiwa damu wakati maini, dagaa na mchicha haviishi mezani, na vidonge vya kuongeza damu havimsaidii. Jibu limepatikana.

Daktari aliona chembe nyekundu za damu yake ni kubwa kuliko kawaida, ilhali upungufu wa madini ya chuma huzifanya ndogo. Akampima vitamini B12, ikawa chini sana. Chakula hakikuwa na kosa. Tumbo hutoa protini maalumu inayoshikana na B12 na kuifikisha mwisho wa utumbo mwembamba, ndipo ifyonzwe. Kinga ya mwili wa mama imeshambulia seli zinazotengeneza protini hiyo. Na kwa kuwa ini huhifadhi B12 ya miaka kadhaa, tatizo lilichelewa kujitokeza.

Sasa anachomwa sindano za B12, ataendelea nazo maisha yote. Uchovu umepungua mno, namshukuru Mungu. Ganzi ya miguu bado ipo kiasi.

Aliyetaja metformin (dawa ya kisukari), asante sana. Mama haitumii, ila ni kweli ikitumika muda mrefu inaweza kushusha B12. Na mnaomeza asidi ya foliki (vitamini nyingine ya kuongeza damu) pekee, tafadhali pimeni B12: damu inaweza kupanda huku neva zinaendelea kuharibika kwa kukosa B12.