Nimepigwa mninga "wenye maua" wa kitako cha gobore, laki na themanini imegeuka kuni

Wakuu, nina hasira tangu Jumamosi na sitaki mtu aje na "pole mkuu, ndiyo maisha". Nimepigwa hapahapa Tabora mjini, mchana kweupe, na mtu ambaye nilikuwa namwita kaka.

Kwanza niwajibu wanaosubiri kuandika neno polisi. Gobore ni la marehemu babu, lina kibali, na baada ya msiba baba alihangaika hadi kibali kikatoka kwa jina lake. Chuma siligusi mimi wala seremala wa mtaani, yuko mzee fundi bunduki mwenye leseni yake. Kazi niliyopewa ilikuwa moja tu, kutafuta mti wa kitako kipya. Kile cha zamani mchwa wa Urambo walikila darini wakabakiza ganda, ukikibonyeza kinaitika kama biskuti.

Mzee alinipa vipimo: urefu futi 5, upana inchi 8, unene inchi 2 na nusu. Gobore letu ni la fataki, mti wake unatembea chini ya mtutu karibu hadi mdomoni, na humohumo kunatobolewa njia ya mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Akasema, "Mwanangu, uwe mkavu." Alirudia mara tatu. Mimi masikio yangu yalikuwa yanasikiliza kitu kingine, maua, ile michoro ya nyuzi za mti kwenye mbao. Niliwahi kuona picha za zile bunduki ndefu za Pennsylvania za karne ya 18, zilizotengenezwa na mafundi wenye asili ya Ujerumani kwa mti wa mepo (maple), mbao ina milia imejipanga kama mgongo wa pundamilia. Nikasema cha kwetu nacho king'ae hivyo, ila kwa mninga wa nyumbani. Hilo kosa ni langu, nalitaja mwenyewe kabla hamjanitajia.

Sasa huyu bwana muuza mbao. Nimefika, kaniegemezea ubao ukutani, kachukua chupa ya maji, kaumwagia. Wakuu, ule ubao uligeuka mwekundu ukawaka! Mawimbi yakatokea, yanapishana kama maji ya ziwa jioni. "Ona hiyo bosi, hii imetoka kwenye panda ya mti, hupati tena. Ina miezi nane ghalani." Sikuomba hata punguzo. Laki na themanini taslimu, nikapakia kwenye bajaji nikiwa nacheka peke yangu.

Mzee fundi hakuangalia maua kabisa. Aliacha yale maji ya dukani yakauke, akaulaza ubao, akaanza kuangalia ubavu, ile sehemu nyembamba iliyokuwa imegeuziwa ukuta dukani. Akachukua chaki akafuata nyuzi. Ule mstari wa chaki ulianzia juu, pale shingo ya kitako itakapokaa, na kabla haujamaliza shibiri moja ukawa umetokea chini. Akanitazama. "Hapa ndipo mkono unaposhika, hapa ndipo itakapokatika."

Nilibisha, nikasema mninga ni mti mgumu. Akanieleza kwa utaratibu mpaka nikaona aibu. Baruti ikilipuka, risasi inaenda mbele na mtutu unarudi nyuma. Mtutu unausukuma mti, bega linaukataa. Msukosuko wote huo unapita kwenye shingo, na shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, halafu bado inachimbwa kuweka mtambo na kifyatulio. Nyuzi zikienda na urefu wa shingo, mti unavumilia miaka. Zikiikata shingo mshazari, umeweka msumeno ndani ya kitako chako mwenyewe, unasubiri siku tu. Na panda ya mti ndiyo kiboko: nyuzi za matawi mawili zinagombana pale, ndiyo maana inapendeza, na ndiyo maana haiaminiki. Maua yanatakiwa yakae nyuma kule kwenye upana wa kitako, ambako hakuna kazi ngumu.

Hata hivyo tukasema labda tutauchezesha ubao, tugeuze kipimo, shingo iangukie penye nyuzi zilizonyooka. Ndipo ukaja uongo wa pili, wa miezi minane. Mzee aliuliza kwa nini vichwa vya ubao, yaani ncha zake mbili, havikupakwa chochote. "Tabora hii ya nyuki, mtu anakosaje nta ya kupaka vichwa vya mbao?" Maji hutoka haraka zaidi kupitia vichwani kuliko ubavuni, kwa hiyo vichwa vinasinyaa kabla ya tumbo na ubao unachanika. Na hata hiyo miezi minane ingekuwa ya kweli isingetosha. Mbao ya kukauka yenyewe kivulini inahesabiwa kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ya kwangu ilihitaji miaka miwili na nusu!

Tukawa tunaupima kila Jumapili kwenye mizani ya maharage ya jirani. Mbao iliyokauka uzito wake unatulia. Wa kwangu wiki ya kwanza ukashuka, ya pili ukashuka, ya tatu bado unashuka. Na hiki ni kiangazi chetu mnakijua, mpaka midomo inapasuka. Jumamosi asubuhi nimekuta ufa kuanzia kichwani hadi katikati ya yale maua yangu. Sarafu inaingia na kutoka.

Jamani, mninga! Mti unaosifiwa kwa kusinyaa kidogo, unaotulia kwenye milango na vitanda vya watu miaka arobaini. Kuufanya mninga upasuke hivyo inabidi ujitahidi: uchukue panda, uipasue mbichi, uiache juani, halafu utafute mjinga. Mjinga akawa mimi.

Nimerudi dukani na picha. Majibu yake: "Mbao ikishatoka getini si yangu." Nikamwambia ulisema ni mkavu. "Seremala wako hajui kutunza." Halafu bila haya ananiambia niongeze elfu sitini anipe mvule. Mvule naujua, nyuzi zake zinapishana, randa ikienda huku inalamba, ikirudi inang'oa, na wakati mwingine unakutana na vijiwe ndani ya mti vinavyomaliza makali ya patasi. Mwingine pembeni akadakia nichukue mpingo. Mpingo unaozama majini! Nibebe kitako au nibebe kipande cha Reli ya Kati?

Na msije kuniambia kumwagia mbao maji ni wizi, hapana, kila fundi analowesha ili aone rangi. Wizi wake ni kunionyesha uso na kuuficha ubavu. Ningesubiri robo saa maji yakauke, nikaugeuza, nikatazama vichwa, ningeona kila kitu. Hakunipa hiyo robo saa, alikuwa ananiharakisha eti kuna mteja wa Nzega anakuja kuuchukua.

Kwa hiyo mwenye mninga Sikonge, Kaliua au popote, uliopasuliwa mnyoofu, kiini kitupu bila ile mbao nyeupe ya pembeni inayoliwa na wadudu, wenye alama ya nyundo ya TFS (wale wakala wa misitu wa serikali) na stakabadhi, anitafute inboksi. Nitakuja na chaki na mizani. Maua yakiwepo sawa, ila yakae matakoni.

Na wewe kaka, najua humu unaingia. Chupa yako ya maji uliisahau kwenye bajaji, ninayo. Njoo uichukue, uje na laki na themanini.